Sangailu Mwana wa Wazee

Ukisimama katikati ya soko la Garissa ukaita Mohamed, nusu ya soko itageuka na nusu iliyobaki itakuuliza yupi. Jina moja halimtoshi mtu kule. Ndiyo maana mtoto wa Kisomali, hata kabla hajajua kufunga kamba za viatu, hufundishwa abtirsi, yaani kuwahesabu mababu zake. Anaanza na jina lake mwenyewe, anataja la baba, anataja la babu, anapanda hivyo hivyo mpaka kwa mzee wa mwanzo kabisa, ambaye hata kaburi lake halijulikani lilipo. Wageni huona ni mchezo wa watoto. Wacheke tu. Mtu aliyewahi kulazwa rumande kwa kosa la Mohamed mwingine hacheki.

Fowsiya aliyajua majina yake yote. Alifundishwa na ayeyo wake, bibi Rukiyo, mama mzaa baba, kule kijijini Sangailu, wakati wa kukama mbuzi. Kila alipoteleza kwenye jina moja alirudishwa mwanzo, hata kama mbuzi walikwisha kukamwa na chai ilikuwa inapoa. Katika malezi hayo alipata vitu viwili, kumbukumbu isiyovuja na shingo isiyopinda. Watu wa kwao walisema ingekuwa heri angepata kimoja tu.

Mwaka wa tisini na sita, mvua ilipokataa kabisa na mizoga ya ng'ombe ikawa alama ya njia, Fowsiya alikuwa karani katika ofisi ya mradi mmoja wa maji pale Garissa mjini. Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili. Kimoja kilikuwa na kompyuta iliyofunikwa kwa kitambaa cha maua kama mtungi wa bi harusi, na kingine kilikuwa na redio ya mawasiliano, ile watu wa huko waliyoiita taar, iliyokula umeme wa betri ya gari. Fowsiya alivishika vyote viwili. Kompyuta alijifunza Eastleigh, Nairobi, kwenye darasa la vumbi na feni mbovu, na kuongea kwenye taar hakuhitaji kufundishwa na mtu.

Mkuu wake alikuwa Bwana Mwiti, mtu wa Meru. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi Fowsiya zaidi, maana mtu mbaya unajua pa kumshika. Mwiti aliuliza habari za wazazi wako na kusubiri jibu. Mwezi wa Ramadhani alikula chakula chake cha mchana ndani ya gari, vioo vimefungwa, jasho likimtiririka, asije akawaudhi waliofunga. Lakini alikuwa mwoga wa wakubwa. Mwoga akipewa cheo, woga wake hulipiwa na watu wengine.

Basi, kile kisima. Shirika lilikuwa na mtambo mmoja wa kuchimba kwa mkoa mzima, na katika ukame ule zamu ya Sangailu ilikuwa moja tu. Ungekuja mara moja, ungechimba shimo moja, ungeondoka kwenda Mandera au kwingineko. Wazee wa Sangailu walikaa juu ya jambo hilo, wakavutana, wakasusiana, wakarudi. Mwisho kina mama ndio waliowapasulia ukweli kwamba wanaoteka maji ni wao na punda wao, wala si ndevu za mtu. Wakakubaliana bondeni, penye migunga, mahali ambapo kila upande ungefika na hapakuwa na ua wa mtu. Mpimaji akaja na vyombo vyake, akapima, akaondoka. Vipimo vyake vikaletwa kwa Fowsiya kwenye disketi.

Ukilifungua faili lile ulikuta tarakimu tupu, mstari chini ya mstari, hata mpimaji mwenyewe asingelitofautisha na jingine kwa macho. Zilikuwa tarakimu za kulishwa mtambo. Kwa hiyo Fowsiya aliliweka kwa uangalifu, kama anavyowekwa mtoto mchanga mahali mtu hatamkalia. Katika kompyuta kulikuwa na ile programu ya kupangia mafaili, yenye folda ndani ya folda, na juu ya dirisha lake palikuwa na mstari mwembamba ulioonyesha mahali ulipo tangu mwanzo. Aliunda folda akaiita Wazee, ndani ya folda ya Ijara, jina la tarafa yao, ndani ya folda ya Maji, ndani ya C, ambayo ndiyo kompyuta nzima. Faili lenyewe akaliita Sangailu.

Alipoutazama ule mstari wa juu siku hiyo, alicheka peke yake. Mashine ya Wazungu ilikuwa na abtirsi. Sangailu zingeweza kujaa humo ndani, Sangailu ya shule, Sangailu ya zahanati, Sangailu ya chanjo za mifugo, wala zisigombane, mradi kila moja ina baba yake. Kila mwezi disketi zilipelekwa Nairobi, makao makuu, na huko kila kitu kikapangwa upya kwenye kompyuta yao vilevile kilivyokuwa Garissa, baba kwa baba.

Alipokwenda nyumbani kwa sikukuu ya Idd, bibi Rukiyo hakumuuliza habari ya mshahara wala ya mchumba. Aliuliza kisima chao kimewekwa wapi. Fowsiya akajibu kwamba kiko kwenye kompyuta. Jibu hilo halikumridhisha bibi hata kidogo. Kwenye kompyuta kwa nani, alitaka kujua, na je, hakina baba? Kitu kisicho na baba huokotwa na mpita njia.

Fowsiya akamwambia, kwa Kisomali, kama anavyomtajia mtu: Sangailu, mwana wa Wazee, mwana wa Ijara, mwana wa Maji, mwana wa C.

"Huyo C ni nani?"

"Ndiye mzee wa mwanzo, ayeyo. Hakuna aliye juu yake."

Bibi alilisema jina hilo zima, akateleza, na safari hii ni mjukuu aliyemrudisha mwanzo. Wakalirudia pamoja hadi kizee kikalishika barabara. Kisha bibi akatangaza kwamba sasa kisima hakiwezi kupotea, maana kina watu wawili wanaojua kwao. Fowsiya alirudi Garissa akilisema ndani ya lori kama wimbo, Sangailu, Wazee, Ijara, Maji, C, na hakufikiria zaidi ya hapo.

Haukupita muda, Bwana Mwiti akaingia chumba cha kompyuta na disketi mpya. Nyuma yake alikuja Korane. Huyu Korane alikuwa mfanyabiashara mwenye malori ya maji, na alikuwa mtu wa kwao Fowsiya kabisa, kikulacho ki nguoni mwako. Boma lake lilikuwa kando ya barabara nje ya Sangailu, ukuta wa mawe na geti la chuma. Katika ukame ule malori yake yalikwenda mtoni Tana yakarudi kumwagia watu maji kwenye mitungi yao, na ndoo moja ilikuwa inapanda bei kila mwezi unapoandama.

Mwiti aliomba disketi ile iwekwe kwenye folda yake mwenyewe, ile iitwayo Mwiti, na faili lipewe jina lile lile, Sangailu. Fowsiya akauliza ni Sangailu gani tena. Mwiti akaeleza kwa upole, akiangalia kitambaa cha maua. Mpimaji alipima upya, nyuma ya ukuta wa Bwana Korane. Bondeni hapana ulinzi, pampu ingeibwa wiki ya kwanza. Kwa Korane kuna geti, kuna askari, kuna jenereta. Isitoshe, kuna mtu mkubwa huko Nairobi aliyepiga simu, na mtu mkubwa akipiga simu hapigi ili kusalimia.

"Binti, wewe nasumbuka nini?" Korane akasema kwa Kiswahili, ili mwenyeji wake naye asikie. "Kisima ni kisima. Maji bado takunywa watu yetu, takunywa bunda yetu."

"Kwa bei gani?"

"Kidogo tu. Ya disel."

Akilini Fowsiya alimwona bibi Rukiyo amesimama nje ya geti la chuma na punda wake, akimngoja askari amalize kula mirungi. Aliwaona kina mama wote waliopigania bonde lile wakipanga foleni ukutani kununua maji ya ardhi yao wenyewe. Na shimo likishachimbwa halihamishwi. Maji yakimwagika hayazoleki, na mtambo ukishaondoka haurudi.

Akauliza lile faili la wazee alifanyeje. Mwiti akamwambia aliache hapo hapo, halina shida, nakala ya disketi mpya imekwisha kutangulia Nairobi. Nairobi wakiuliza, litajwe jina tu, Sangailu. Mafundi wa huko wakikuta majina mawili sawa huchukua lililo jipya. Alisema hivyo kama mtu anayemfundisha mtoto njia ya mkato, halafu akatoka kumsindikiza mgeni wake kwenye gari.

Fowsiya aliweka faili jipya alikoambiwa. Hilo lilikuwa agizo na alilifuata. Kisha akafungua folda ya Wazee, akasimama kwenye faili la bondeni, na akautazama ule mstari wa juu wa dirisha. Mstari ule ulikuwa wa kuonwa tu. Kipanya kilipita juu yake bila kuushika, huwezi kuuvuta wala kuubandika popote. Akachukua biro na kipande cha karatasi, akaunakili kwa mkono, herufi kwa herufi, na nukta mbili, na kile kistari kilicholalia nyuma kati ya jina na jina. Hakuwa na mpango maalumu. Alijua tu kwamba mambo yakisemwa kwa jina moja, mwenye nguvu ndiye atakayechagua yupi.

Mwiti aliporudi alimkuta bado anaandika. Akauliza anaandika nini.

"Ukoo," akajibu Fowsiya.

Mwiti akaichukua karatasi, akaisoma. Alikuwa mtu wa kompyuta vya kutosha kuelewa. Hakugomba. Aliichana vipande viwili, kisha vinne, akavitia mfukoni mwa shati badala ya kuvitupa. Akaizima mashine, akaifunika na kitambaa chake, akamwashiria Fowsiya atoke, akafunga chumba kwa kufuli na kuuweka ufunguo pamoja na vile vipande.

"Dada Fowsiya, mimi nakuheshimu," akamwambia barazani. "Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Basi nitachechemea, Bwana Mwiti."

Makarani wengine waliinamia kazi zao. Hata mzee wa chai aligeuza uso. Fowsiya alitembea mpaka kwao mtaa wa Bula Iftin, na njia nzima midomo yake ilikuwa inacheza. Karatasi ilikuwa imechanwa, na chumba kilikuwa kimefungwa. Kilichobaki ni kile alichokuwa akikisema ndani ya lori, na hicho hakikuwa na kufuli.

Kesho yake ilikuwa siku ya taar. Asubuhi vituo vyote vya mradi vilikuwa hewani kwa pamoja, Dadaab, Mandera, Sangailu na Garissa yenyewe, na Nairobi ikiwaita mmoja mmoja. Taar haina siri. Ukimwambia mtu wa Mandera kwamba mkeo amejifungua, Dadaab watakupongeza. Na asubuhi hiyo kule Sangailu nusu ya kijiji ilikuwa imejazana zahanati, kwa Jama, mganga msaidizi aliyeshika redio, kwa sababu habari zilikuwa zimefika kwamba mtambo unatoka leo. Bibi Rukiyo alikuwa mbele kabisa. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha wagonjwa, na hakuna aliyethubutu kumwinua.

Mwiti alikuja kusimama nyuma ya kiti cha Fowsiya, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Akaweka mezani karatasi yake mwenyewe, imeandikwa vizuri kwa herufi kubwa, akaisogeza mpaka kwenye kiwiko chake. Fowsiya naye hakuitazama.

Sauti ya Nairobi ikaja, ya fundi aitwaye Muriuki. Wote walimjua kwa sauti tu, kijana mchangamfu mwenye mafua yasiyokwisha. Alisema mtambo uko getini, dereva amewasha, anasubiri vipimo tu. Alisema pia kwamba jina peke yake halimsaidii, Sangailu zimejaa humu ndani kama kunguni. Bila njia kamili angechukua lililo jipya kuliko yote, basi, safari njema. Walikuwa wanataka lipi? Ova, akawaachia nafasi ya kujibu.

Mwiti akagusa karatasi yake kwa kidole.

Fowsiya akabonyeza kitufe cha kipaza sauti. Moyo ulikuwa unampiga hata akahofia kwamba utasikika Mandera. Ikamtoka kama ilivyokaa ndani yake.

"Nairobi, hii ni Garissa. Andika njia kamili. Sangailu, Wazee, Ijara, Maji, C. Ova."

Nyuma yake alisikia Mwiti akivuta pumzi. Hewani palikuwa na mkwaruzo, na nyuma ya mkwaruzo vidole vya Muriuki vikidonoa. Bibi Rukiyo, kama watu wa Sangailu walivyokuja kusimulia baadaye, alikuwa ametikisa kichwa kwa kila jina na kuwaambia walioketi karibu naye kwamba mtoto hajakosea hata moja.

"Haipo, Garissa," Muriuki akasema. "Nimepiga kama ulivyonitajia, mashine inakataa. Hakuna kitu kama hicho. Nitoe hili jipya? Dereva ananipigia honi hapa. Ova."

Fowsiya akaganda. Alikuwa na hakika na kila jina, angeapa kwa msahafu. Je, Mwiti alikuwa ameagiza Nairobi walifute? Je, disketi ilipotea njiani? Au ni yeye, na hicho kiburi chake cha kumbukumbu isiyovuja, mbele ya vituo vyote na mbele ya ayeyo wake? Aibu ikamshuka mgongoni, baridi, katikati ya joto la Garissa.

"Umeona sasa?" Mwiti akasema taratibu, na hakukuwa na furaha sana katika sauti yake, alikuwa kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Hebu lete hicho nimwambie."

Akanyoosha mkono juu ya bega lake. Fowsiya akainamisha macho asione mkono ule, na macho yakaangukia karatasi iliyokuwa kwenye kiwiko chake, ile iliyoandikwa vizuri kwa herufi kubwa. C, ilianza. Kisha Maji. Kisha Ofisi, kisha Mwiti, na mwisho kabisa, chini ya wote, Sangailu.

Mzee wa mwanzo alikuwa mbele.

Akaelewa papo hapo, na karibu acheke. Mashine haikupanda kutoka kwa mtoto, ilishuka kutoka kwa mzee. Hata jana, alipokuwa anaunakili ule mstari kwa biro, mkono ulikuwa umeandika kwa njia ya mashine huku kichwa kikisoma kwa njia ya bibi Rukiyo. Ya bibi ndiyo iliyoshika. Mashine ilikuwa imeulizwa mambo yake yote ya kweli kwa mpangilio usio wake, ikasema haimjui mtu huyo. Na Mwiti, aliyeichana karatasi yake vipande vinne, ndiye aliyemwekea nyingine mezani ya kumkumbusha.

Akakikwepesha kipaza sauti mbali na mkono wa Mwiti, akabonyeza.

"Nairobi, subiri. Usitoe kitu. Nilikutajia kwa njia yetu, sasa chukua kwa njia yenu. C. Maji. Ijara. Wazee. Sangailu. Rudia nisikie. Ova."

Muriuki akarudia, akipiga huku anataja, jina baada ya jina. Alipofika Wazee, Fowsiya alikuwa hapumui. Ikaja chafya, kisha sauti ile ya mafua ikarudi.

"Ipo. Hii hapa, imefunguka, tarakimu mpaka chini. Naichapa. Lakini nahitaji jina la anayeidhinisha, Garissa, niliandike juu ya karatasi ya dereva. Ova."

Mwiti aliinama mpaka mdomo wake ukawa karibu na sikio la Fowsiya. Kwa mara ya kwanza hapakuwa na upole. "Ukilitaja langu nitakana hewani sasa hivi, na mtambo utalala. Ukilitaja lako, chukua mkoba wako utoke, na usirudi. Hujui ni nani aliyepiga ile simu. Mwenye nguvu mpishe, dada. Sema hujui, nami nitamalizia."

Fowsiya alifikiri juu ya mkoba wake. Ulikuwa umening'inia pale mlangoni, na ndani yake mlikuwa na chakula cha mchana. Alifikiri juu ya ada ya shule ya wadogo zake, ambayo hakuna mwingine wa kuilipa. Akaogopa, tena sana, hakuwa wa chuma. Lakini kuogopa ni jambo moja na kupisha ni jambo jingine. Yeye hakuwa amelelewa kupisha.

"Anayeidhinisha ni Fowsiya," akasema. "Ova."

"Fowsiya yupi?" akauliza Muriuki bila nia mbaya. "Ninaye Fowsiya wa Dadaab, ninaye wa Mandera. Nisije nikamwandika mwingine akaulizwa asiyoyafanya. Ova."

Hapo Fowsiya akaketi wima. Kwa faili alikuwa ameifuata mashine, alishuka kama inavyotaka. Lakini hili halikuwa faili. Akaanza alipofundishwa kuanza, kwake mwenyewe, na hakuharakisha.

"Fowsiya," akasema. "Alio. Jelle. Aweys. Warfa."

Mwiti akakinyakua kipaza sauti. Alikivuta kwa nguvu hata waya ukajinyoosha na kikombe cha biro kikaanguka, na jina la sita likakatikia hewani. Fowsiya hakung'ang'ana. Aliiacha mikono yake mapajani akamtazama. Mwiti alikuwa amesimama na kile kitu mkononi, kidole juu ya kitufe, akitafuta neno ambalo Dadaab na Mandera na Sangailu na Nairobi wangeweza kulisikia kutoka kwake asubuhi hiyo. Na kwa kuwa hakubonyeza, njia ya hewani ilikuwa wazi.

Spika ikakoroma. Ilikuwa Sangailu. Kwanza ilisikika sauti ya Jama akisema kwa haraka, ayeyo, si sasa, ayeyo, hii ni ya kazi, kisha kishindo kidogo cha kiti, kisha sauti nyingine, nzito na ya kizee, karibu sana na kipaza sauti.

"Guhad," ikasema.

Fowsiya akafunga macho. Ndilo jina lililokuwa limekatika.

"Samatar," bibi Rukiyo akaendelea. "Hirsi. Gedi."

Alipanda taratibu, jina kwa jina, kwa mwendo ule ule wa kukama mbuzi, na kila baada ya jina aliacha nafasi ya mtu kulishika. Nyuma yake walianza kusikika kina mama wengine, wakinong'ona naye yale waliyoyajua. Mara moja tu Muriuki aliomba radhi akasema polepole kidogo, mama, ninaandika. Bibi akamrudishia lile jina alilolikosa, mara mbili, kisha akaendelea. Mwiti alisikiliza yote amesimama. Kidole chake kilikuwa kimekwisha kuteleza kikaacha kitufe, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka siku nyingi.

Fowsiya akainuka, akauchukua mkoba wake mlangoni. Hakutoka bado. Alitaka kusikia mpaka mwisho, mpaka kwa yule mzee ambaye kaburi lake halijulikani, na bibi alimfikia, akamtaja, akavuta pumzi.

"Huyo ndio Fowsiya," akasema kwa Kiswahili chake kichache. "Andika."